Kutoka Katibu wa Misheni hadi Afisa Elimu wa Wilaya: Msimamizi wa Shule kama Kiongozi wa Umma nchini Uganda

Msimamizi wa shule za umma nchini Uganda amebadilishwa jina na mwajiri mara kadhaa katika muda wa karne moja. Alianza kama katibu wa elimu wa misheni, akawa afisa wa wizara, kisha mtumishi wa wilaya. Makala hii inadai kwamba kila badiliko lilijibu swali la nani atamwajibisha, huku swali la namna ya kumwandaa awe kiongozi mbele ya wananchi likiachwa kando.

Shule za mwanzo zilizojengwa karibu na Kampala zilikuwa za misheni: Namilyango (1902), Gayaza (1905) na Budo (1906). Serikali ya kikoloni ilichelewa kuingia. Baada ya Tume ya Phelps-Stokes kuzuru nchi mwaka 1924, Idara ya Elimu iliundwa mwaka 1925 chini ya Eric Hussey. Hata hivyo, idara haikuzitwaa shule. Ilitoa ruzuku na kukagua, na usimamizi wa kila siku ukabaki mikononi mwa misheni. Msimamizi wa namna hiyo aliongoza waumini wake. Mzazi Mwislamu aliyeishi kilima hicho hicho hakuwa na sababu ya kumwona kuwa kiongozi wake, na si ajabu kwamba katika miaka ya 1940 Waislamu waliunda chama chao cha elimu, Prince Badru Kakungulu akiwa mstari wa mbele.

Uhuru ulileta suluhisho la kisheria. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, serikali ilichukua mamlaka juu ya shule zilizopata ruzuku, na waanzilishi wa kidini wakabaki na nafasi yao ya ushauri na ardhi yao. Afisa elimu sasa alikuwa wa raia wote, lakini kupitia wizara. Kisha yakaja machafuko ya miaka ya 1970 na 1980. Mishahara ilipopoteza thamani, vyama vya wazazi na walimu viliwachangia walimu ili shule zisifungwe. Wazazi hao wanastahili heshima kubwa kuliko waliyopewa na wanahistoria. Lakini mwenye kuchanga ndiye aliyesikilizwa.

Athari ya hali hiyo ilionekana katika uchunguzi maarufu wa ufuatiliaji wa fedha za umma. Ritva Reinikka na Jakob Svensson, wakitumia takwimu za shule za msingi 250, walionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ya serikali kuu isiyokuwa ya mishahara. Sehemu kubwa ya fedha iliishia wilayani. Lililo zito zaidi kwa hoja yetu ni kwamba upotevu huo haukuwa sawa: shule za jamii zenye uwezo zilipata zaidi, kwa kuwa zilijua kudai. Ofisi ya elimu ya wilaya iligeuka mahali pa majadiliano kati ya wenye sauti.

Serikali ilijibu kwa kutangaza kiasi cha fedha magazetini na kuamuru kibandikwe kwenye mbao za matangazo za wilaya na za shule. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilifika shuleni. Baadhi ya wachumi wamehoji kama sifa hiyo ni ya magazeti peke yake, kwa sababu taratibu za fedha zilirekebishwa wakati huo huo. Pingamizi hilo lina nguvu. Hata hivyo, tangazo lilimpa mzazi asiye na jina jambo ambalo hakuwa nalo: tarakimu ya kumwuliza mwalimu mkuu. (Tarakimu hiyo iandikwe kwa lugha gani ni suala ambalo kongamano la Kiswahili haliwezi kulikwepa.)

Mwaka 1997 mambo mawili yalikutana. Elimu ya Msingi kwa Wote iliongeza wanafunzi kutoka takriban milioni 3.1 hadi milioni 5.3 kwa mwaka mmoja, na Sheria ya Serikali za Mitaa ikaikabidhi wilaya elimu ya msingi. Afisa Elimu wa Wilaya akawa na wakubwa wengi: mtendaji mkuu wa wilaya, baraza lililochaguliwa, na wizara inayotunga sera. Kila mmoja alidai taarifa. Katika mpangilio huo, muda wa kukaa na kamati ya shule, kueleza kwa nini darasa limefurika na kusikia lawama bila kujitetea, ulikuwa wa hiari yake. Wapo waliofanya hivyo, muundo haukuwadai.

Kampala imekwenda njia nyingine. Sheria ya mwaka 2010 iliuweka mji mkuu chini ya serikali kuu, na shule za umma za msingi katika tarafa zake tano zikawa chini ya kurugenzi ya elimu na huduma za jamii ya Mamlaka ya Jiji. Kurugenzi hiyo inawajibika kwa mkurugenzi mtendaji aliyeteuliwa na Rais, ilhali Meya wa jiji huchaguliwa na wapiga kura. Mzazi wa Kawempe anayetaka kujua ruzuku ya shule ya mwanawe imefika au la anaweza kumwendea diwani aliyempigia kura, lakini faili liko kwa afisa ambaye diwani huyo hakumwajiri.