Vita Viliisha, Mjomba Aliendelea Kushtuka (Sehemu ya 3)

 

Baada ya sehemu ya pili, wengi mliniuliza swali moja: "Nesi, mume wangu ni askari, amerudi salama kabisa, mbona usiku halali?" Leo najibu kwa historia kidogo, na naanzia kwetu Matombo.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikwenda Vita vya Kagera akiwa mgambo. Mnajua kwetu Waluguru mjomba ni mtu mzito, shauri la ukoo halipiti bila yeye. Lakini masika ikifika, radi zikianza kupiga milimani, mtu mzito huyo alishuka kitandani akalala chini, mgongo ukutani, mpaka kunakucha. Sisi watoto tulicheka. Majirani walisema kachezewa. Mkewe alinyamaza, akawa anamwekea mkeka tu.

Hali hii ilikuwepo muda mrefu kabla ya mjomba. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, tarehe 26 Agosti 1916, majeshi ya Uingereza yaliingia Morogoro mjini. Wajerumani wakarudi nyuma kwa njia za milima ya Uluguru kuelekea Kisaki. Pande zote mbili zilichukua watu wetu kubeba mizigo, na wapagazi wengi mno walikufa kwa njaa na maradhi. Hata jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Sasa angalieni. Mwaka huohuo wa 1916, kule Scotland, ilifunguliwa hospitali ya Craiglockhart kwa ajili ya maofisa waliovurugwa akili na vita. Daktari mmoja wa pale, W.H.R. Rivers, hakuwaambia wasahau. Alikaa nao, wakazungumza yale waliyoyaona. Mpagazi wetu aliyenusurika alirudi shambani na ndoto zake, hakuna aliyemwekea kiti akamwuliza.

Tuje Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi yetu. Jeshi letu pamoja na mgambo wakaingia vitani, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na vita vikaisha mwezi Juni. Wakarudi kwa shangwe. Mwaka uliofuata tu, 1980, ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipouweka rasmi ugonjwa huu katika kitabu chao cha magonjwa, baada ya kelele nyingi za askari waliotoka Vietnam. Kwa hiyo mjomba alifika nyumbani kabla hata ugonjwa wake haujapata jina hilo. Hapa kwetu hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, ilikuwepo tangu 1927, lakini mnajua wenyewe jina hilo tulivyoligeuza kuwa tusi. Nani angekubali kupelekwa huko kwa sababu ya radi?

Ugonjwa wenyewe ni kiwewe. Akili ya mtu imehifadhi hatari ile kana kwamba inatokea leo. Radi inakuwa mzinga. Unakuta mtu anaota usiku, anashtuka ovyo, anakwepa watu, hasira ziko karibu, wengine wanakimbilia pombe. Siyo uchawi, siyo uoga, wala siyo kwamba hakupendi.

Na tiba ipo, jamani. Moja imejaribiwa jirani tu, Uganda, nchi ileile aliyokwenda kupigana mjomba. Wataalamu kutoka Ujerumani waliwasaidia wakimbizi wa Sudan kusimulia maisha yao kwa mpangilio, tangu kuzaliwa mpaka leo. Kamba inatandazwa chini. Penye furaha unaweka ua, penye maumivu unaweka jiwe. Halafu unasimulia kila jiwe polepole, mtaalamu yuko pembeni yako, mpaka akili ikubali kwamba lile lilitokea zamani, na pale. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: mwaka mmoja baada ya vikao vinne, waliobaki na kiwewe walikuwa asilimia 29. Waliopata ushauri wa kawaida walikuwa asilimia 79. Baadaye njia hii ilirekebishwa ikatumika kwa waliokuwa wapiganaji mashariki mwa Congo.

Na vijana wetu bado wanakwenda huko Congo kulinda amani. Desemba 2017, kambi yao ya Semuliki ilivamiwa na askari wetu wasiopungua 14 wakauawa. Waliookoka wana wake, wana mama, wana watoto wadogo.

Kwa hiyo mama, nyumbani fanya haya. Akiota, usimkamate ghafla. Simama mbali kidogo, mwite jina lake, mwambie yuko wapi. Usimlazimishe kusimulia, na usijaribu ile ya mawe mwenyewe, hiyo inataka aliyefundishwa. Waeleze watoto kwamba baba anaumwa, wasimcheke kama tulivyofanya sisi. Mambo yakizidi mwezi, au yakivuruga kazi na ndoa, nendeni kliniki ya afya ya akili hospitali ya mkoa. Aliyeko kazini aanzie hospitali ya jeshi. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake, ondoa silaha na sumu karibu, mpeleke siku hiyohiyo.

Mjomba alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni. Nilikuwa nimeshasoma somo hili, nikapanga nikirudi likizo nikae naye. Sikuwahi. Wewe wa kwako yupo hapo, labda sasa hivi anaangalia taarifa ya habari.

Sehemu ya nne nitaongea na wake wenyewe: wewe unayekesha naye, nani anakuangalia wewe? Kama una swali usilotaka lionekane, niandikie inboksi. Usiku mwema.