Macho ya Mlalaji na Maradhi ya Bonde la Lambwe

Katika iliyokuwa wilaya ya Nyanza ya Kusini, ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, liko bonde lililozungukwa na vilima vya Gwasi, vilima vya Ruri na genge la Kanyamwa, liitwalo Lambwe, ambalo kwa miaka mingi watu walilikaa kwa hofu, si kwa ubaya wa ardhi yake, bali kwa sababu ya mbung'o walioshika vichaka vyake na maradhi ya malale waliyoyachukua. Habari za maradhi hayo zimekwisha kusimuliwa mara nyingi kwa hesabu ya maiti na ya vijiji vilivyohamwa. Lakini iko tarehe nyingine iliyofungamana nayo, ambayo kwa maoni yangu haijapewa haki yake, nayo ni ya namna wanazuoni walivyojifunza kuyasoma macho ya mtu aliyelala, na jinsi elimu hiyo, iliyozaliwa mbali kabisa na ziwa letu, ilivyokuja kubainisha ni kitu gani hasa malale huutenda usingizi wa binadamu.

Mwanzo wa karne ya 20 ulikuwa msiba mkubwa kando ya ziwa. Mwaka 1901 matabibu wawili ndugu, Albert na Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wa kwanza katika hospitali yao ya Mengo, na kabla miaka michache haijapita, zaidi ya watu 200,000 walikuwa wamekwisha kufa katika Uganda peke yake. Aldo Castellani, tabibu wa Kiitaliano, aliviona vijidudu vya malale katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa huko Entebbe, na mwaka 1903 David Bruce akathibitisha kuwa mbung'o ndiye anayevieneza. Maradhi hayo hayakujua mipaka ya madola: yalifuata pwani ya ziwa upande wa Kavirondo, yakafika visiwa vya Rusinga na Mfangano, yakateremka mpaka Karungu, ambayo leo imo katika Migori, na kuvuka hadi Shirati iliyokuwa chini ya Wajerumani. Mwaka 1906 Robert Koch mwenyewe alipiga kambi katika visiwa vya Sese, akawatibu watu kwa atoksili, dawa ya zarniki, ambayo iliwapa wengine nafuu ya muda na wengine ikawapofusha kabisa, jambo ambalo haifai kulipita kimya, kwa kuwa wale waliopofuka walikuwa wamejitoa kwa imani mikononi mwa tabibu.

Kwa muda wa nusu karne iliyofuata, matabibu waliyaandika mengi na kwa uangalifu mkubwa, juu ya homa, tezi za shingo, kukonda, kutetemeka kwa ulimi, na mgonjwa kusinzia chakula kikiwa mdomoni. Waliandika pia kwamba mgonjwa yule yule aliyelala mchana kutwa huenda akakesha usiku kucha akihangaika. Lakini kuandika ni jambo moja na kufahamu ni jambo jingine, maana hapana aliyekuwa na chombo cha kupimia usingizi wenyewe, na wenye elimu karibu wote waliuhesabu kuwa ni hali ya utupu tu, ambayo ubongo huingia kwa kukoma kazi yake na kutoka kwa kuianza tena.

Itikadi hiyo ilivunjwa katika Chuo Kikuu cha Chicago, na aliyeivunja alikuwa mwanafunzi maskini, Eugene Aserinsky, aliyepewa na mwalimu wake, Nathaniel Kleitman, kazi ambayo haikuonekana kuwa na fahari yoyote ya kuangalia kope za watu walalao. Mwaka 1951 alimlaza mwanawe Armond, mtoto wa miaka minane, akambandika nyaya karibu na macho na kichwani, akaziunganisha na mashine kuukuu ya kuandikia mawimbi ya umeme kwa kalamu juu ya karatasi ndefu, kisha akakaa chumba cha pili kuitazama. Usiku ulipoendelea, kalamu ambazo zilikuwa zikienda polepole zikaanza kurukaruka kana kwamba mtoto yu macho na anaangaza huku na huko. Alipokwenda kumtazama alimkuta amelala fofofo, ila mboni zikienda mbio chini ya kope zilizofumbwa. Kwanza alishuku kuwa mashine ina kasoro, na Kleitman, ambaye hakuwa mwepesi wa kusadiki, alitaka kuyashuhudia hayo kwa binti yake mwenyewe kabla hajakubali.

Walipotangaza habari hiyo mwaka 1953, hoja yao kubwa ilihusu ndoto. Walikuwa wamewaamsha watu mara 27 katika kipindi cha macho kwenda mbio, na mara 20 kati ya hizo waliamka na ndoto iliyo wazi ya kusimulia; walipowaamsha mara 23 macho yakiwa yametulia, mara 19 hawakuwa na lolote la kukumbuka. Mwaka 1957 William Dement, mwanafunzi mwingine wa Kleitman, akaonyesha pamoja na mwalimu wake kwamba usingizi una utaratibu: mtu mzima mwenye afya huanza kwa kuzama katika usingizi mtulivu, na kwa kawaida baada ya kadiri ya dakika 90 ndipo macho huanza kwenda mbio, na duru hiyo ikajirudia mara nne au tano mpaka alfajiri. Naye Michel Jouvet wa Lyon, Ufaransa, mwaka 1959, alibainisha kwa kuwachunguza paka kwamba katika kipindi hicho ubongo hufanya kazi karibu sawa na wa aliye macho, ilhali misuli ya mwili imelegea kabisa.

Katika miaka hiyo hiyo, Nyanza ilikuwa ikikabiliana na malale ya aina ya pili, ile ya mashariki, iendayo kwa haraka zaidi na kuweza kuua katika muda wa miezi. Mwaka 1958 Heisch na wenzake walikipata kijidudu chake katika damu ya mbawala aliyetoka Sakwa, na mwaka 1966 Onyango na wenzake wakatoa ushahidi kutoka Alego kwamba hata ng'ombe wa nyumbani huweza kukihifadhi. Lambwe likajulikana kuwa kitovu cha maradhi hayo. Mwaka huo wa 1966 sehemu ya bonde ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama, ambayo leo ni Mbuga ya Taifa ya Ruma, makao ya wale paa wakubwa waitwao korongo wasiopatikana penginepo katika Kenya, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale yakalipuka tena miongoni mwa wakulima na wafugaji wa kando yake.

Mtu aliyezikutanisha habari hizi mbili alikuwa Alain Buguet, tabibu wa jeshi la Ufaransa, ambaye pamoja na wenzake wa Kiafrika na wa Kifaransa aliichukua mashine ya mawimbi ya ubongo na macho kwenye vitanda vya wagonjwa wa malale, hasa katika Kongo na Kodivaa, akawapima usiku na mchana kwa saa 24 mfululizo. Waliyoyaona yanastahili kuelezwa taratibu. Mgonjwa wa malale, kwa hesabu ya saa zote za siku, halali sana kuliko mtu mzima wa afya. Usingizi wake umekatwa vipande vipande na kutawanywa mchana na usiku, kwa kadiri ya uzito wa maradhi. Fauka ya hayo, mara nyingi macho yake huanza kwenda mbio mara tu anaposinzia, bila ya kupitia kwanza ule usingizi mtulivu, yaani huvuka kutoka kukesha moja kwa moja hadi mahali pa ndoto. Na dawa ikimsaidia, utaratibu ule hurudi, hata Buguet na wenzake wakapendekeza kipimo hicho kitumike kujua kama maradhi yameingia ubongoni na kama tiba imefanikiwa. Mimi naliona jambo hili kuwa kubwa, kwa sababu njia ya zamani ya kujua hayo ni kumchoma mgonjwa sindano ya uti wa mgongo, tena mara kwa mara, na dawa ya siku hizo, melasoprolo, nayo ikiwa ni ya zarniki, iliua kadiri ya mgonjwa mmoja katika kila ishirini waliotibiwa nayo. Kipimo kisichomwaga damu wala kumtia mtu hofu kilikuwa na thamani yake.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani na Ureno walikwenda mbele zaidi, wakaonyesha katika panya kwamba vijidudu vya malale huivuruga saa ya mwili yenyewe na kuifanya iende haraka kuliko ipasavyo. Basi ule mkesha wa usiku na usingizi wa mchana ni alama za saa iliyopotoshwa, wala si uchovu tu.

Katika Kenya, mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa na kugunduliwa nchini alipatikana mwaka 2009, na mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Ulimwenguni lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini. Furaha hiyo ni ya haki, na waliotega mbung'o kwa vitambaa vya buluu na vyeusi katika vichaka vya Lambwe wana fungu lao. Hata hivyo mbung'o bado wapo Ruma, na wanyama nao wapo, na ndiyo maana vituo 12 vya afya katika kaunti sita zilizopata kuwa na maradhi hayo vimewekwa kuwa macho. Homa ya malale huanza kama ya malaria, na muuguzi wa zahanati ya Lambwe au ya Karungu hana mashine ya kusoma macho ya mlalaji, wala hataipata karibuni. Lakini anaweza, kwa mtu ambaye dawa ya malaria haikumfaa, kumwuliza yule anayelala naye chumba kimoja amepitishaje usiku wake, na kwa muda gani imekuwa hivyo, kabla ya kumtoa damu na kumwandikia rufaa.