Uji wa Oti, Helsinki na Sydney

Mtoto mwenye ugonjwa wa seliaki anayelelewa Helsinki hupakuliwa uji wa oti asubuhi bila mtu kushtuka. Mwenzake wa Sydney, mwenye ugonjwa uleule, haupati mpaka daktari aridhike. Wote wawili wamekatazwa ngano, shayiri na rai, kwa kuwa protini yao, gluteni, huichochea kinga ya mwili kuushambulia utumbo mwembamba. Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye oti.

Wafini wamekua na uji huo, na kumnyima mtoto ni kumtenga na wenzake mezani. Mwaka 1995 watafiti wa huko walichapisha jaribio lililoonyesha kuwa oti haikuwadhuru watu wazima wenye seliaki. Mwaka 2004 Waswidi wakafuata na watoto waliogunduliwa karibuni: baada ya mwaka mmoja, utumbo wa walioila ulikuwa umepona sawasawa na wa wasioila. Leo Umoja wa Ulaya unaruhusu oti iandikwe kuwa haina gluteni, mradi imezalishwa, kuandaliwa au kusindikwa kwa namna ya kuepusha kuchanganyika na ngano, shayiri na rai, na gluteni isizidi miligramu 20 kwa kilo. Sharti hilo la usafi hata mteja wa mashine ya kusaga Dar es Salaam angelielewa: ulezi hauna gluteni, lakini ukisagwa mara tu baada ya ngano, hausalimiki.

Australia haiyakatai matokeo hayo. Ina swali jingine. Oti ina protini yake, avenini, iliyo jamaa ya protini za ngano, na wapo wachache ambao kinga yao huipiga vita. Mwaka 2003 watafiti wa Norway waliwapa oti watu wazima 19, na mmoja utumbo wake ukaharibika. Kwa tahadhari ya namna hiyo, sheria ya Australia na New Zealand hairuhusu oti, hata iwe safi namna gani, kuuzwa kwa jina la chakula kisicho na gluteni. Anayetaka kuila hushauriwa achunguzwe utumbo kwa endoskopi (mrija wenye kamera) kabla, kisha tena baada ya miezi mitatu hivi.

Kwa lebo, naona Australia ndiyo mkweli zaidi. Vipimo vya kawaida vya maabara husaka gluteni ya ngano, shayiri na rai, avenini havioni. Pakiti ya Ulaya basi inasema habari za vumbi la jirani, si za oti yenyewe. Ila mtoto hupimwa endoskopi kwa dawa ya usingizi, na kumlaza mara mbili kwa ajili ya bakuli la uji ni gharama ambayo mtu mzima haioni kwa uzito uleule.

Kanada, inayoruhusu oti safi iandikwe kuwa haina gluteni tangu 2015, inanishawishi zaidi kwa ushauri wake kuhusu watoto: utumbo wa mtoto upone kwanza bila oti, kisha aanze na oti safi, gramu 20 hadi 25 kavu kwa siku, huku daktari akifuatilia dalili, damu na ukuaji wake. Endoskopi hubaki kwa yule ambaye tumbo limeanza kumsumbua upya.