Mmea wa Kichina katika zahanati za Nyasa

Dawa ya mseto inayotolewa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi mtu akipimwa na kukutwa na malaria ni tunda la tiba ya jadi ya China. Wengi wetu tunaiita dawa ya hospitali, tunaimeza asubuhi na jioni kwa siku tatu pamoja na chakula chenye mafuta, basi. Historia yake inastahili kujulikana, hasa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako joto huwapa mbu nafasi zaidi kuliko kule juu milimani Umatengo kwenye mashamba ya ngoro na kahawa.

Katika karne ya 4, mganga wa Kichina aliyeitwa Ge Hong aliandika kitabu cha tiba za dharura. Kwa homa za vipindi alielekeza mgonjwa aloweke konzi ya majani ya qinghao katika maji, ayakamue, anywe maji yake yote. Maelekezo hayo yalikaa vitabuni zaidi ya miaka 1,500.

Tarehe 23 Mei 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ukaitwa 523 kwa tarehe hiyo. Askari wa Vietnam ya Kaskazini walikuwa wakifa kwa malaria isiyosikia tena klorokwini. Mwaka 1969 mtaalamu wa dawa Tu Youyou, wa taasisi ya tiba ya jadi mjini Beijing, alikabidhiwa kikundi cha watafiti. Alipekua vitabu vya kale, akawahoji waganga, na kukusanya tiba 640 katika daftari moja. Qinghao ilionyesha dalili njema, kisha ikashindwa kila iliporudiwa. Aliporejea kwa Ge Hong aliona kwamba mzee yule hakutaja moto popote. Huenda kuchemsha ndiko kulikoua dawa! Akatumia etha, inayochemka kwenye joto dogo la nyuzi 35 hivi, na Oktoba 1971 dondoo lake likawaponya panya wote wa majaribio. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walilinywa wao kwanza, kabla ya kumpa mgonjwa yeyote. Ushujaa huo hunigusa kuliko tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 2015.



Madaktari wa China walifika mapema kuliko mmea wao: Zanzibar mwaka 1964, Tanzania Bara mwaka 1968. Baadhi yao walitibu kwa sindano za jadi, na mwaka 1987 hospitali ya Muhimbili ilianza kushirikiana na wataalamu wa China kujaribu dawa za mitishamba kwa wagonjwa wa UKIMWI. Fundisho lao la kuutazama mwili, chakula na hali ya hewa kama kitu kimoja halikuenea sana vijijini. Kilichofika ziwani ni kidonge.

Nacho kilichelewa. Baada ya kwinini ya wakoloni tuliishi na klorokwini, ile iliyowasha mwili mpaka watoto wakaikimbia. Vimelea vilipoizoea, mwaka 2001 taifa likahamia dawa ya SP, nayo ikachoka upesi. Mseto ukaanza kutumika mwishoni mwa 2006. Viambato vyake viwili, artemeta na lumefantrini, vyote vilibuniwa na wanasayansi wa China.

Sasa mkoani Kagera vimeonekana vimelea vyenye mabadiliko yanayopunguza kasi ya artemisinini, kiini cha qinghao ambacho artemeta hutokana nacho. Ruvuma ni mbali, lakini usugu wa klorokwini nao ulisafiri. Ndiyo maana navitazama kwa matumaini Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 iliyowapa waganga mahali pa kusajiliwa. Natamani kitoke hapo kitabu cha Wamatengo, Wamanda na Wanyasa, kinachotaja kwa kila dawa mmea wenyewe, msimu wa kuuchuma, kama hutumika mzizi au jani, kipimo anachopewa mtoto, na jina la mzee aliyeieleza.