Mazoezi Kupita Kiasi

Mazoezi kupita kiasi ni hali ya kuulemea mwili mfululizo bila usingizi, chakula na mapumziko ya kuutosha, hata nguvu zikaanza kupungua. Zoezi huchosha misuli na kupunguza akiba yake ya sukari. Kujijenga upya huja baadaye, mtu anapokula na kulala. Tamko la pamoja la wataalamu wa sayansi ya michezo wa Ulaya na Marekani, la mwaka 2013, lilitofautisha uchovu wa muda mfupi, ambao mchezaji akipumzika hurudi na nguvu zaidi, na ugonjwa kamili unaoweza kudumu miezi mingi. Miongozo mingi ya mazoezi humchukulia mchezaji kama mtu anayeshinda ameketi. Lakini katika kata ya wakulima kama Kilimarondo, wilayani Nachingwea, mkoani Lindi, hesabu ya mazoezi haina budi kuanzia shambani.

Moyo na misuli hutumika vilevile kwenye jembe, baiskeli yenye gunia na mpira wa jioni. Kijana wa Nachingwea au Ruangwa anayetamani kufika Namungo FC, timu iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, huenda akaingia uwanjani ameshafanya kazi kubwa kuliko zoezi lenyewe. Wapo watakaosema kwamba mkulima amezoea. Kweli, mazoea hukomaza mwili, lakini kwa kiwango kile ulichokizoea. Hatari huja mzigo unapoongezwa ghafla, na zaidi chakula kinapopungua. Wakati wa palizi, kabla ya mavuno mapya, kazi huwa nyingi na ghala huwa jepesi. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilieleza madhara ya upungufu huo wa nishati: kwa wanawake hedhi hukatika, na kwa wanawake na hata wanaume mifupa hudhoofika na kinga hushuka.

Dalili kuu ni uwezo kushuka ingawa juhudi haijapungua. Huandamana na usingizi wa mang’amung’amu, hasira za haraka, kukosa hamu ya kula, mafua ya mara kwa mara, na mapigo ya moyo ya alfajiri yaliyozidi kawaida ya mtu mwenyewe. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha hali hii. Hutambuliwa baada ya kuhakikisha kwamba si ugonjwa mwingine. Kwa mkoa wa Lindi jambo hili ni zito, maana malaria na upungufu wa damu navyo huleta uchovu. Kwa hiyo zahanati kwanza, lawama za uvivu zisiwepo. Maumivu makali ya misuli pamoja na mkojo mweusi kama chai ya rangi yanataka hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa figo ziko hatarini.

Pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi ya tahadhari hii ni mfano wa mabingwa. Kelvin Kiptum wa Kenya, aliyekimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:00:35 Oktoba 2023, alikimbia zaidi ya kilomita 250 kwa wiki. Lakini kocha wake, Gervais Hakizimana, alisema hadharani kwamba alihofia mwili wa kijana huyo ungevunjika, na akamshauri apunguze. Alphonce Simbu wa Tanzania alipata shaba ya dunia ya marathoni London mwaka 2017 na dhahabu Tokyo mwaka 2025. Miaka minane kati ya medali hizo yatosha kumkumbusha kijana kwamba mwili unapaswa kutunzwa ili udumu.

Kinga dhidi ya mazoezi kupita kiasi haihitaji fedha nyingi. Kocha aulize kila mchezaji amefanya kazi gani tangu asubuhi, na aliyelima kutwa apewe zoezi jepesi. Mzigo uongezwe kidogo kidogo. Siku moja ya wiki iwe ya mapumziko kamili. Baada ya zoezi kuwe na maji, ugali au muhogo, pamoja na kunde, karanga au dagaa. Wakati wa palizi na wa kuokota korosho, ratiba ya timu ipunguzwe mapema, kabla wachezaji hawajaanza kuugua.