Taa nyekundu ya mafuta: presio mu moteri ilijulikana namna gani

Mwenye kupanda Hiace ya zamani anajua hii mambo. Gari inasimama kituoni, moteri inashuka kwa relanti, taa nyekundu yenye picha ya kopo la mafuta inawaka, moteri inatetemeka kidogo, kisha inazimika. Abiria mmoja anasema mafuta imeisha. Shofere anaongeza litri moja, ao anaenda kutia mafuta mazito zaidi. Taa hairudi tena, na kila mtu anafikiri ugonjwa umepona. Mara mingi haukupona. Ili kuelewa juu ya nini, tunapaswa kurudi nyuma kidogo, wakati watu walikuwa hawajui hata kama mafuta ndani ya mashini iko na presio.

Zamani za mvuke, mafuta ilitiwa na mkono. Mashini ilisimamishwa, mtu akapita na kopo lake, akatia kila mahali panaposuguana, kisha kazi ikaendelea. Elijah McCoy aliifanya kazi hiyo. Alizaliwa Kanada mu 1844, wazazi wake walikuwa wamekimbia utumwa kule Kentucky. Alisomea umekanika mu Edinburgh, lakini aliporudi upande wa Amerika, kampuni ya reli ya Michigan Central ilimupa kazi ya kutupa makaa na kutia mafuta mu lokomotivi, juu alikuwa mweusi. (Wenye diplome mu mfuko na kazi isiyolingana nayo, munamuelewa.) Mu 1872 alipata hati ya uvumbuzi kwa kifaa kilichotia mafuta chenyewe, mashini ikiwa inatembea.

Lakini kutia mafuta ni jambo moja, na kujua mafuta inafanya nini ni lingine. Jibu lilikuja kwa ajali mu Uingereza. Shirika la mainjinia wa umekanika lilimupa Beauchamp Tower kazi ya kupima msuguano wa vyuma vinavyozunguka. Alikuwa na chuma cha mviringo, upande wake wa chini ukiogelea ndani ya mafuta, na juu yake kipande cha shaba kilichobeba uzito mkubwa. Alitoboa tundu juu ya ile shaba, akitaka kutilia mafuta pale. Alipoanzisha mashini, mafuta haikushuka: ilipanda, ikatoka kwa tundu. Akaziba na kizibo, kikatupwa nje. Akaweka kipande cha mti, nacho kikasukumwa. Mwishoni akafunga manometri yenye mwisho wa bari karibu 14, na sindano ikapita mwisho. Uzito aliokuwa ameweka, ukigawanywa juu ya shaba yote, ulikuwa karibu bari 7 tu! Ripoti yake ilitoka mu 1883. Miaka mitatu nyuma yake, Osborne Reynolds, mwalimu mu Manchester, akaeleza kwa hesabu: chuma kinapozunguka kinavuta mafuta na kuiingiza kwa nguvu mahali pembamba, na hapo mafuta inabeba chuma. Vyuma viwili havigusani hata kidogo.

Nakaza hapa, juu wengi hata mu garaje hawalijui. Presio inayobeba ule mti wa chuma unaozunguka chini ya pistoni haitengenezwi na pompi. Inatengenezwa na mzunguko wenyewe. Kazi ya pompi ni kupeleka mafuta ya kutosha, bila kukatika. Na ile presio tunayosoma kwa tabulo ni ya mfereji tu: inatuambia pompi inasukuma kiasi gani, na mafuta inapata shida kiasi gani kutoka kwa nafasi za vyuma. Nafasi zikipanuka kwa uzee, mafuta inatoka bure, na presio inaanguka.

Ford Model T, iliyotengenezwa kutoka 1908 mpaka 1927, haikuwa na pompi ya mafuta hata moja. Gurudumu zito la moteri lilirusha mafuta juu, ikashuka yenyewe kwa mfereji. Dereva alilala chini ya gari na kufungua virobine viwili ili kujua kimo cha mafuta. Moteri zilipoanza kuzunguka mbio zaidi, kurusha hakukutosha. Pompi ikaingia, na manometri kwa tabulo. Kisha mu miaka ya 1930 kampuni Hudson ya Marekani ikaondoa sindano na kuweka taa. Ilikuwa rahisi, lakini kwa maoni yangu tulipoteza kitu: sindano inakuonyesha presio ikishuka pole pole mwezi kwa mwezi, taa inangoja mpaka kubakie karibu nusu bari tu.

Na kuzimika je? Kuko magari ambamo mambo haya mawili yamefungwa kwa waya. Chevrolet Vega, ya kuanzia 1970, ilikuwa na pompi ya esansi ya umeme iliyopita kwa kontakti ya presio ya mafuta: presio ikianguka, esansi inakatwa, moteri inazimika kabla haijajiua. Lakini mu magari mengi hakuna waya kama huo, na hapo watu wanageuza sababu na matokeo. Relanti ikiwa chini sana kwa sababu ya esansi, hewa ao alimaji, pompi ya mafuta nayo inazunguka pole, presio inashuka, taa inawaka sekunde moja mbele ya kuzimika. Taa haikuua moteri, imekuona tu ikikufa.

Kwa hiyo fundi mwenye akili anapima kwanza kimo na harufu ya mafuta. Ikinuka esansi, imekuwa nyepesi. Kisha anaondoa kontakti na kufunga manometri ya kweli mahali pake, moteri ikiwa na moto. Presio ikiwa nzuri, kontakti ndiyo inadanganya, na ni kitu cha bei ndogo. Ikiwa chini kwa relanti lakini inapanda vizuri ukikanyaga, fikiria kwanza mafuta nyepesi ao nafasi za vyuma zilizochakaa. Ikiwa chini kila wakati, angalia pompi na valvu yake. Ikianza vizuri, ikaanguka njiani, na ikarudi baada ya kupumzika dakika chache, mara mingi chujio la chini limezibwa na matope.

Mafuta mazito yanapandisha namba juu yanatoka pole kwa nafasi zilizopanuka, lakini zile nafasi zinabaki vile vile. Wauzaji wa magari ya zamani wanaijua hiyo hila. Ukienda kununua, omba kukuta moteri ikiwa baridi, itembeze mpaka ipate moto kabisa, kisha uiache kwa relanti dakika kumi ukiangalia ile taa.