Jinsi ya kuondoa viota vya nyigu bila kuhatarisha maisha

NYIGU hupenda kujenga viota vyao chini ya mapaa ya nyumba, kwenye fremu za madirisha, darini na ndani ya ua la miti. Kiota cha kawaida huwa cha rangi ya kijivu, chenye vijumba vilivyo wazi upande wa chini, nacho huning'inia kwa kikonyo kimoja. Wadudu hao hukitengeneza kwa nyuzi za mbao wanazozitafuna na kuzichanganya na mate.

Si kila kiota kinachopaswa kuondolewa. Nyigu huwinda viwavi ili kuwalisha mabuu wao, na kwa hivyo humfaa mkulima. Kiota kilicho mbali na njia, mlango au mahali wanapochezea watoto chaweza kuachwa. Nao nyigu wanaojenga kwa udongo ukutani huishi mmoja mmoja na ni nadra kuuma.

Kiota kinachotishia usalama kiondolewe mapema, kingali na vijumba vichache. Wakati unaofaa ni usiku, nyigu wakiwa wamerejea na kutulia. Mwenye kuifanya kazi hiyo avae nguo nzito za mikono mirefu, glavu na kitambaa cha kufunika kichwa na uso. Anyunyize dawa ya wadudu kwa kufuata maagizo yaliyo kwenye mkebe, akisimama kando wala si chini ya kiota. Asipande ngazi, kwani akishambuliwa akiwa juu aweza kuanguka. Kesho yake, akishahakikisha kwamba hakuna nyigu aliye hai, akiangushe kiota kwa ufito.

Baadhi ya watu hutumia mwenge wa moto au petroli. Njia hiyo ni ya hatari kubwa, hasa kwa nyumba ya nyasi au makuti, ambayo cheche moja yatosha kuiteketeza. Kiota kikubwa, au kilicho darini, ni heri kiachiwe wataalamu.

Tofauti na nyuki, nyigu hauachi mwiba wake mwilini, na mmoja aweza kuuma mara kadhaa. Mahali palipoumwa paoshwe kwa maji na sabuni, kisha pawekwe kitambaa chenye maji baridi. Aliyeumwa akivimba uso au koo, akipumua kwa shida au akizirai, akimbizwe hospitalini mara moja, hata kama aliumwa na nyigu mmoja tu. Kwa mtu ambaye mwili wake hauistahimili sumu hiyo, kuchelewa kidogo kwaweza kumgharimu maisha.